Pofu na Ng'ombe Wako: Malisho Yale Yale, Maji Yale Yale

Mazungumzo ya afisa mifugo na wafugaji, siku ya kuogesha

Nashukuru mmenipa nafasi kabla ng'ombe hawajaingia joshoni, maana wakishaanza kuingia hakuna atakayenisikia.

Leo sitazungumzia dawa peke yake. Nataka tuzungumze habari za pofu. Najua kuna atakayesema, "Bwana Mifugo, pofu ni mnyama wa porini, ana watu wake wa maliasili. Wewe hangaika na ng'ombe." Ni kweli. Lakini pofu anakula majani ya miti ile ile wanayokula mbuzi wako. Kiangazi kikikaza, anakuja usiku kwenye lambo lile lile ulilonywesha mchana. Na siku akifa, wa kwanza kumkuta si mtu wa maliasili. Ni mtoto wako anayechunga.

Kwa hiyo inafaa umjue: anavyoishi, unachoweza kujifunza kwake, na mahali ambapo hupaswi kumgusa.

POFU NI MNYAMA GANI

Pofu, ambaye wengine humwita mbunju, ni mmoja wa swala wakubwa kuliko wote duniani. Dume aliyekomaa hupita kilo 500, na wapo madume wazee wanaokaribia kilo 900. Jike ni mwepesi zaidi, kati ya kilo 300 na 500 na kitu. Ukimtazama kwa mbali unaweza kudhani ni ng'ombe: ana nundu kidogo begani, ana ngozi inayoning'inia shingoni, na mkia wake una kishungi mwishoni kama wa ng'ombe. Si ajabu. Swala na ng'ombe ni ukoo mmoja. Wote wana kwato mbili, wote wanacheua, wote wana tumbo lenye vyumba vinne. Ndiyo maana baadhi ya magonjwa yanavuka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Dume na jike wote wana pembe zilizojisokota. Za jike ni nyembamba na mara nyingi ndefu kuliko za dume. Dume akizeeka rangi yake ya udongo hufifia na kuwa ya kijivu, na kwenye paji la uso huota kishungi cha manyoya meusi chenye harufu kali.

Wazee waliowahi kulala porini na mifugo wanajua jambo jingine: dume la pofu likitembea, miguu yake ya mbele inalia, kaa, kaa, kaa. Mlio huo husikika mbali. Watafiti waliowachunguza pofu wa Kenya walitangaza mwaka 2008 kwamba mlio huo ni salamu ya vitisho. Dume likiwa kubwa, mlio unakuwa mzito. Madume mengine yakisikia yanajua nani anakuja, na mara nyingi wanapishana bila kupigana. Hata mnyama anajua kwamba vita ina gharama.

Sisi wa Kondoa na Chemba tumepakana na mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga, na kaskazini yetu iko Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mnyama hasomi ramani. Pofu wa Tarangire hutoka hifadhini wakati wa mvua kufuata majani mabichi, na kiangazi hurudi kwenye mto. Majike hutembea maeneo makubwa sana kwa mwaka, madume wazee hutulia sehemu moja. Kwa hiyo ukimwona pofu kwenye malisho ya kijiji, usishangae. Yuko njiani, kama wewe unapohama.

ANAVYOSHINDA KIANGAZI

Hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi. Nchi yetu hii ya kati ina mvua chache, na zinakuja msimu mmoja tu. Kuanzia Mei mpaka Novemba tunatazama mbingu. Ng'ombe wanakonda. Pofu kwa kawaida hakondi kama ng'ombe. Kwa nini?

Kwanza, hategemei nyasi peke yake. Masika anakula nyasi changa. Zikikauka anahamia kwenye majani, vichipukizi na matunda ya miti: migunga, mikole na vichaka vingine. Tawi likiwa juu, analivunja kwa pembe. Majani ya miti yanabaki na unyevu na protini wakati nyasi zimekuwa kama karatasi.

Pili, anabana maji. Pofu anakunywa akiyapata, lakini akipata majani yenye unyevu anaweza kukaa muda mrefu bila kufika kwenye maji. Watafiti waliompima hapa Afrika Mashariki miaka ya 1960 waliona jambo la ajabu: jua likiwa kali, pofu anaacha mwili wake upate joto kwa nyuzi kadhaa, mpaka kupita nyuzi 40, badala ya kutoa jasho jingi kujipoza. Usiku ukiingia na baridi, anaachia joto lile hewani bila kupoteza maji. Ng'ombe wako hawezi kufanya hivyo kwa kiasi hicho. Yeye joto likimzidi anahema na kutoa jasho, na maji yanakwisha mwilini.

Tatu, anachagua saa. Mchana wa jua kali anasimama kivulini. Anakula alfajiri, jioni na usiku, wakati majani yamepata umande.

Sasa, wewe si pofu na ng'ombe wako si pofu. Lakini unaweza kuchukua mafunzo yake.

Toa ng'ombe mapema, kungali na ubaridi. Saa sita mpaka saa tisa wapumzike kivulini, wasitembezwe. Ng'ombe anayetembezwa juani anateketeza maji na nyama uliyomlishia asubuhi nzima.

Usikate miti ya malisho. Mgunga mmoja mkubwa unatoa kivuli, majani na maganda ya mbegu ambayo mbuzi na ng'ombe wanayapenda mwezi Septemba, wakati hakuna kitu kingine. Ukiuchoma mkaa, utauza magunia machache, basi.

Tenga malisho ya akiba. Wasukuma wana ngitili, Wagogo wana milaga, Wamasai nao wana maeneo ya ndama. Jambo hilo si geni kwetu, tumelilegeza tu. Pofu halali njaa kwa sababu ana mahali pa kuhamia. Wewe ambaye mahali pa kuhamia panapungua kila mwaka, akiba yako iwe karibu na boma. Pamoja na hiyo, kusanya mabua ya mtama na uwele baada ya mavuno, yaweke juu ya dari ya miti, mchwa wasiyafikie.

Na ukiona mvua imekatika mapema, peleka wengine mnadani wangali na mwili. Ng'ombe uliyemuuza Juni akiwa mnene anaweza kununua mahindi ya familia. Ng'ombe yule yule Novemba utamuuza kwa bei ya ngozi.

UKIMKUTA NDAMA WA PILI

Nasema ndama wa pili kwa sababu wa kwanza ni wako mwenyewe. Huyu ni wa pofu.

Pofu jike anabeba mimba kwa muda wa miezi tisa hivi, karibu sawa na ng'ombe, na anazaa ndama mmoja. Siku za mwanzo anamficha kwenye nyasi au kichaka, anaenda kula, anarudi kumnyonyesha. Baadaye ndama wanakusanyika kundi moja, na mama zao wanawalinda kwa pamoja. Fisi au mbwa akiwakaribia, majike hawatawanyiki. Wanasimama na kumkabili kwa pembe.

Kwa hiyo mtoto wako akikuta ndama wa pofu amelala peke yake, mwambie hivi: hakutupwa, hakupotea. Mama yake yuko karibu. Asimguse, asimbebe kuja nyumbani, na mbwa wasimkaribie. Kumfuga bila kibali ni kosa kisheria, na mama mwenye pembe akirudi, mtoto wako ndiye yuko hatarini.

Nimewahi kuulizwa na mzee mmoja: "Mbona wasituachie tufuge pofu, kama anastahimili ukame hivi?" Ni swali zuri. Kule Ukraine, mahali panapoitwa Askania-Nova, wamekuwa wakifuga pofu tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wamewakamua. Maziwa yake yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe. Lakini pofu ni mruka viunzi. Uzio wa mita mbili anauruka akiwa amesimama. Na anatembea mbali mno kutafuta majani. Ukimfungia mahali pamoja na kumlisha nyasi kavu, umemwondolea kile kile kinachomfanya astahimili ukame. Kwetu sisi, njia rahisi ni kuongeza mbuzi na kutunza miti.

MAGONJWA: NANI ANAMPA NANI

Watu wengi wanadhani ugonjwa daima unatoka porini kuja bomani. Historia inasema vingine.

Wazee wa wazee wetu waliiona sotoka miaka ya 1890. Ugonjwa ule uliingia Afrika Mashariki na mifugo, ukaua ng'ombe wengi kupita kiasi, na watu wakafa njaa. Lakini haukuishia bomani. Ulivuka kwenda kwa nyati, pofu, tandala na twiga, nao wakafa kwa wingi. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuumaliza. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka, na kilichoimaliza ni chanjo ya ng'ombe. Hakuna aliyechanja pofu hata mmoja. Ng'ombe walipopona, pofu nao walipona.

Sasa tuna sotoka ya mbuzi na kondoo. Hapa Tanzania iligunduliwa mwaka 2008, upande wa Ngorongoro. Kule Mongolia, mwaka 2017, ilitoka kwa mbuzi na kondoo ikaingia kwa swala wa huko na kuua maelfu. Kwa hiyo tunapopita na chanjo ya mbuzi, usifiche wengine kichakani ukidhani tunakuhesabia kodi. Mbuzi mmoja uliyemficha anaweza kuturudisha nyuma sote.

Kuhusu kupe. Kupe akishashiba damu ya pofu anadondoka, anajibadili chini kwenye nyasi kwa wiki kadhaa, kisha anapanda nyasi kumsubiri mnyama mwingine. Huyo mwingine anaweza kuwa ndama wako. Hata hivyo usimlaumu pofu kwa ndigana kali. Pofu ana kijidudu chake cha jamii hiyo, ambacho kwa ng'ombe mara nyingi hakina makali. Ndigana kali yenyewe kupe anaipata hasa kwa ng'ombe aliyewahi kuugua akapona, na kwa nyati. Maana yake ni kwamba pofu anaweza kumlisha kupe, lakini sumu mara nyingi inatoka zizini kwako. Ogesha kama ratiba inavyosema, wote, pamoja na ndama. Angalia masikio kwa ndani na chini ya mkia. Na chanjo ya ndigana kali ipo. Ndama akichanjwa mara moja, kinga hukaa muda mrefu sana.

Jambo jingine: pofu si nyumbu. Nyumbu jike anapozaa, ndama wake mchanga hutoa kirusi puani na machoni, ambacho nyumbu mwenyewe hakimdhuru, lakini ng'ombe akikipata anaota homa kali, macho yanakuwa meupe, makamasi yanaziba pua, na anakufa. Tiba yake haipo. Wale mnaopeleka ng'ombe kaskazini hadi Simanjiro, miezi ya kwanza ya mwaka nyumbu wanapozaa, kaeni mbali na nyanda walizozalia. Wamasai wanalijua hili kwa miaka mingi, na wanasayansi walipolichunguza walikuta Wamasai wako sahihi. Kwa pofu, hatari hiyo haipo.

MZOGA

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niombe nafasi leo.

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa kiangazi, nilipigiwa simu na mama mmoja kutoka kijiji kilichoko kaskazini mwa Kondoa. Aliniambia, "Mwanangu, vijana wameleta nyama ya pofu. Hawakumuua, wamemkuta amekufa kando ya lambo. Damu yake nyeusi na haigandi. Mimi nimekataa isiingie sufuriani mwangu, lakini wananicheka."

Nilimwambia, "Mama, usiipike. Na mbwa wasipewe."

Nilipofika nilikuta dume kubwa limevimba tumbo, damu imetoka puani na nyuma, na paja moja limeshakatwa. Hiyo ni sura ya kimeta. Sikupasua. Tulichukua sampuli ndogo kwa tahadhari, ikaenda maabara, na jibu likathibitisha.

Kijana aliyechuna paja lile hakuniambia kwamba alijikata kidole. Aliogopa atakamatwa kwa nyama ya porini. Baada ya siku chache alipata kipele kama cha kuumwa na mdudu. Kikageuka kidonda chenye gamba jeusi katikati, mkono ukavimba, na hakikuuma sana, kwa hiyo akakidharau. Ni yule yule mama aliyemshika mkono na kumpeleka hospitali. Alipata dawa, alipona, lakini kovu analo mpaka leo. Daktari alimwambia angechelewa zaidi asingekuwa wa kusimulia.

Ng'ombe hawakuwa na bahati hiyo. Pale mzoga ulipopasuliwa, damu ilimwagika kwenye malisho. Boma la karibu, ambalo halikuwa limechanja mwaka ule, lilipoteza ng'ombe watatu kwa kifo cha ghafla ndani ya wiki mbili.

Vijidudu vya kimeta vikigusa hewa vinajifunga kwenye ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi, hata makumi ya miaka. Mwishoni mwa mwaka 2016, kata ya Selela wilayani Monduli, kimeta kilipata wanyamapori, mifugo na watu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo si hadithi ya kutisha watoto.

Mkikuta mnyama yeyote amekufa ghafla, wa porini au wa kwenu, fanyeni hivi:

1. Usimguse kwa mkono, usimchune, usimpasue. Kumpasua ndiko kunakomwaga vijidudu.

2. Ondoa mifugo, mbwa na watoto mahali pale mara moja.

3. Ukiweza bila kumgusa, mfunike kwa matawi ya miiba ili fisi na tumbusi wasimtawanye.

4. Piga simu kwa afisa mifugo au mwenyekiti wa kijiji. Kwa mnyamapori, askari wa wanyamapori wa kijiji aarifiwe pia. Sisi tutasimamia kuchoma au kufukia kwa kina cha mita mbili.

5. Kama umeshamgusa au umekula, nenda zahanati leo, usisubiri kidonda. Sema wazi ulichogusa. Muuguzi hakuulizi kibali cha kuwinda.

6. Chanja ng'ombe, mbuzi na kondoo dhidi ya kimeta kila mwaka, hasa walioko karibu na mapori.

Ndugu zangu, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa na nyama ya porini bila kibali. Hilo mnalijua. Lakini sikilizeni vizuri: kutoa taarifa ya mzoga si kosa. Kosa ni kuubeba. Yule kijana alificha kwa sababu hakujua tofauti hiyo, na ilikaribia kumgharimu maisha. Nendeni mkawaeleze wanaochunga, maana wao ndio wako porini mchana kutwa, si sisi tunaokaa mikutanoni.

Pofu ameishi kwenye nchi hii kavu kabla ya josho hili, kabla ya lambo hili. Akiwa mzima, mwacheni apite, na mjifunze kwake kula kwa mpango na kupumzika kivulini. Akiwa amekufa, mwacheni alale, mpige simu.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye ndama aanze kumsogeza joshoni.